Wadai Ambao Hawajaugua

Jumatatu ile Umulisa alifika ofisini Nyarutarama saa moja na nusu asubuhi, akafuta vumbi kwenye meza ya mapokezi, akafungua ukurasa mpya wa kitabu cha wageni na kuupiga mistari kwa rula. Jina, namba ya kitambulisho, simu, tarehe, unakwenda kwa nani. Mgeni wa kwanza alikuwa mzee mwembamba aliyepwaya ndani ya koti lake na kutembea huku ameshika ukuta. Alijaza kila sehemu kwa mwandiko mzuri. Penye tarehe akaandika tarehe tisa Machi 2031.

"Mzee, umekosea mwaka," Umulisa alimwambia.

"Sijakosea, binti. Huo ndio mwaka nitakaowashitaki. Kwa sasa niko nyumbani Kibagabaga, mzima kabisa, nalea wajukuu. Ila nimesikia mnahesabu."

Umulisa akamwonyesha benchi.

Kweli walikuwa wanahesabu. Kampuni ile siku hizi iliuza vigae vya rangi, lakini zamani ilikuwa na kiwanda cha mabati ya asbesto, na mwaka uliopita wafanyakazi wake kumi na mmoja wa zamani, wenye mapafu yaliyoharibika, walikuwa wameishinda mahakamani. Sasa walikuwapo wageni kutoka nje waliotaka kuinunua. Kabla ya kununua walitaka kuona kitu kimoja kwenye vitabu vya hesabu: baada ya hao kumi na mmoja watakuja wangapi, na watalipwa kiasi gani. Ugonjwa wa asbesto hukaa mwilini miaka thelathini au arobaini kabla ya kujitokeza, kwa hiyo wengi wa kuhesabiwa walikuwa bado hawajaugua. Kazi hiyo alipewa Bwana Bayingana, mkadiriaji aliyekulia Kampala, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni.

"Kwa kawaida tunakisia," Bayingana alimwambia Winifred, mkuu wa fedha, alipoona benchi limejaa. "Mwaka huu wamekuja wenyewe. Itaturahisishia."

Kufikia saa nne mlinzi Damascène alikuwa ameongeza viti vya plastiki. Alichungulia mlangoni akikuna kichwa.

"Dada Umulisa, huyu mama wa 2035 amekuja na gari. Gari lenyewe halijatengenezwa bado. Nitaliandika aina gani?"

"Andika jeupe."

"Yego. Jeupe."

Bayingana alikuwa na taratibu zake, na alizieleza kwa adabu. Waliokuja na tarehe zaidi ya miaka kumi mbele walitoka nje kusimama kwenye maegesho, kwa kuwa ya mbali hivyo hayakadiriki. Aliuliza ni akina nani watakaokufa kabla ya hukumu. Wanne wakanyoosha mikono, akawashukuru, akawatoa kwenye orodha. Kila mmoja alimtajia fidia ndogo kabisa na fidia kubwa kabisa anayoweza kupewa. Pale alipokosa sababu ya kuchagua katikati, aliandika ile ndogo, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyosema. Mwisho akapunguza kila fungu kulingana na miaka iliyobaki, kwa sababu fedha ya kesho ni nyepesi kuliko ya leo. Alipofanya hivyo watu wa 2034 wakawa wafupi kidogo vitini, na miguu yao haikugusa tena sakafu. Hakuna aliyelalamika. Umulisa aliwaletea vibao vya kuwekea miguu.

Ijumaa, siku ya mwisho ya hesabu, aliingia Mukandayisenga, mama yake Umulisa.

Asubuhi hiyo hiyo Umulisa alikuwa amemwacha nyumbani Gisozi akitwanga isombe, yale majani ya muhogo, kifua hakina shida, anaimba. Huyu aliyeingia alikuwa amekonda. Alivaa kitenge ambacho bado hajakinunua na kubeba mtungi mdogo wa hewa ndani ya mfuko wa sokoni. Akaandika jina polepole. Penye tarehe akaweka 2033. Penye "unakwenda kwa nani" akaandika: anayehesabu.

"Mwaramutse, mwanangu."

"Mwaramutse, mama. Kaa hapa, karibu na feni."

Nyuma yake waliingia wanawake wengine saba wa umri wake, wakaketi safu moja.

"Mama, ulifanya kazi gani kiwandani?" Bayingana alimwuliza.

"Sikufanya. Aliyekata mabati ni mume wangu, Silvère, na kifua kimeshamuua. Mimi nilifua magunia."

"Magunia gani?"

"Yale ya ule unga wa asbesto. Kila Jumamosi msimamizi alimpa kila mfanyakazi mawili matupu. Tuliyakung'uta uani, tukayaloweka, tukashona mashuka. Mtaa wetu wote ulilalia hayo. Kitanda kisipokuwa na shuka la gunia, watu walijua baba wa nyumba ile hana kazi."

"Wangu alipewa matatu," mwanamke mmoja akasema.

"Wako alimlamba msimamizi viatu," mwingine akajibu, wakacheka wote mpaka wakakohoa.

Kalamu ya Bayingana ilikuwa imesimama. Akaenda kumwita Winifred, wakanong'ona. Kama magunia yaliingia majumbani, wake wataingia kwenye hesabu, na watoto pia, na namba itakuwa mara tatu. Lakini hakuna karatasi iliyoonyesha gunia hata moja likitoka. Alihitajika mtu wa ofisini wa kuthibitisha.

Winifred akaja mapokezi na kuinama juu ya meza.

"Umulisa, baba yako alikuwa kiwandani. Humu ndani ni wewe tu uliyekuwapo enzi hizo. Uliwahi kuona magunia yakitolewa? Ukisema ndiyo, naandika ndiyo. Sikulazimishi. Ila ujue wale wanunuzi wataondoka, na mwezi wa sita hatutakuwa na ofisi."

Umulisa alikuwa na miaka arobaini na sita, mjane. Mwanawe Ishimwe alibakiza muhula mmoja amalize sekondari. Alikumbuka pia mkoba wake wa shule wa utotoni, aliokuwa ameshonewa na mama kwa gunia lenye herufi za buluu. Kila alipotoa daftari alilipuliza kwanza, na vumbi lilipaa jeupe kama unga wa muhogo. Wenzake walimwonea wivu.

Safu ya wanawake wanane ilikuwa inamtazama.

"Hapana," alisema. "Sikuwahi kuona."

Akainamia kitabu cha wageni. Winifred akamshukuru.

Mama alimtazama kidogo, bila hasira, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Kisha akasimama, akauweka mfuko wake begani.

"Samahani, bwana," alimwambia Bayingana. "Nimekosea ofisi. Uzee huu."

Akaja mpaka mapokezi. "Nifute, mwanangu. Tumia rula, tusichafue kitabu cha watu."

Umulisa akatoa kalamu nyekundu na kulifuta jina la mama yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Alipoinua macho aliwaona wale saba wamepanga foleni.

"Na mimi nimekosea ofisi," wa kwanza akasema.

"Na mimi."

Akapiga mistari mingine saba. Damascène akawafungulia geti, akamshika mkono wa mwisho wao kuvuka mtaro. Saa kumi Winifred alitia saini taarifa. Watu arobaini na mmoja, wafanyakazi peke yao, kwa kiwango cha chini. Wanunuzi walipiga simu kusema namba hiyo inawafaa.

Umulisa alifika Gisozi jua likizama. Mama alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mnene na mzima, isombe imeshaiva jikoni. Alikuwa amevua viatu.

"Leo miguu inaniuma," mama alisema. "Utadhani nimetembea mpaka Nyarutarama."

Umulisa alipasha maji, akayaleta kwenye beseni, akapiga magoti na kuanza kumwosha miguu. Yalikuwa maji safi, yakageuka mekundu kwa vumbi la njiani. Alisugua visigino muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka kuinua uso.

"Na ile hesabu yenu?" mama akauliza, juu ya kichwa chake. "Ilitimia?"

"Ilitimia, mama."

"Basi vizuri," mama akasema, akampa mguu wa pili.