Daraja la Saba Mara Nane

Fundi wa makabati alikuwa na mjukuu mmoja na ubishi wa watu kumi. Miaka miwili waliketi pamoja kwenye kompyuta ya sebuleni, mtoto juu ya kigoda alichochongewa, wakicheza mchezo wa hesabu uliotoka shuleni. Vikatuni viwili, daraja lisilo na mbao: kila mtu akijibu swali lake sawasawa, ubao unaongezeka. Mmoja akikosea, wote chubwi mtoni!

Mjukuu alikosea saba mara nane tu. "Hamsini na nne!" kila siku. Babu, badala ya kumsahihisha, akamwapia kwamba aliwahi kuunda kabati la milango hamsini na minne, refu hata paka aliyelipanda alishuka na wajukuu. Ikawa wanaanguka makusudi, wakicheka mpaka bibi anatoka jikoni kuuliza nani kafa.

Kisha mama yake mtoto akapata kazi mbali, wakahama.

Kila jioni fundi alifungua mchezo, ambao mtoto angeweza kuuingia kwa mtandao hata akiwa huko mbali. Kikatuni chake kilisimama darajani. Cha mjukuu, chenye viatu vyekundu, kilisinzia kando yake, maana mwenyewe hayupo.

"Mzee mzima unachungulia vikatuni," bibi akamtania. "Mwenzio keshapata marafiki. Hiyo hamsini na nne yenu kaisahau."

"Namlindia zamu yake tu, mama watoto."

Lakini neno lilimchoma. Ndilo aliloliogopa.

Jumamosi moja viatu vyekundu vikafumbua macho. Fundi akashika ukingo wa meza. Mchezo hauna pa kuandikia salamu, una majibu tu. Tisa mara nane? Mtoto akajibu sabini na mbili, hata kabla babu hajavaa miwani. Kumi na mbili mara saba? Themanini na nne. Amekua, na amekua bila yeye.

Saba mara nane?

Viatu vyekundu vikatulia. Kisha: hamsini na nne. Chubwi!

"Nani kafa?" bibi akaja mbio, kasikia kicheko.

"Paka kashuka," fundi alisema, macho yamelowa.

Swali likarudi. Safari hii hamsini na sita, bila kusita. Ubao wa mwisho ukakaa, vikatuni vikavuka, viatu vyekundu vikasinzia tena.

Bibi akavuta kigoda, akakikalia kwa tabu.

"Kesho atakuja saa ngapi?"