Tunakula Hapo Mbele

1.

TANGAZO

Abiria wote wa gari hili wanaarifiwa kuwa ni marufuku kula, kutafuna, kumung'unya au kumenya kitu chochote ndani ya gari. Nailoni za viti zisitolewe. Chakula kitapatikana hapo mbele, mahali pa familia.

Kwa amri,
MWENYE GARI

(Tangazo hili halikuandikwa popote. Mbonea alilitamka tu asubuhi, uani kwa shemeji yake Iringa, huku akifuta kioo cha gari. Lakini ungekuwepo, ungesikia mpaka mhuri ukigongwa.)

2.

Hotpoti ya ndizi na mayai ya kuchemsha ilibaki mezani Iringa. Aliyeipika ni Sekela, mke wa Mbonea. Nyuma yake amekaa mama yake mzazi, Bi Subilaga, mwenye kisukari, anayejichoma sindano kabla ya kula. Pembeni ya bibi yupo Bupe, mtoto wao wa darasa la pili. Ndiyo familia yote hiyo. Wanakwenda Dar es Salaam kwa gari jipya, na Sekela amefura tangu getini.

3.

Ilula, sheli.

"Nendeni chooni kabisa," Mbonea alisema. "Tunakula hapo mbele, sasa hivi tu."

Bi Subilaga aliamini. Akaingia chooni na kipochi chake, akajichoma.

Sasa sikiliza, msomaji, maana mwenye gari hasikilizi. Ukishajichoma ile sindano, lazima ule. Dawa inashusha sukari ya mwilini, uwe umekula au hujala. Haijui kusubiri.

Hapo mbele.

Hapo mbele ni wapi?

4.

Katika ukoo wa Bi Subilaga, mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Mama hali mbele ya mume wa binti yake, wala hatamki njaa mkwe huyo akiwa anasikia. Harusini kwa Sekela alikula jikoni, amegeukia ukuta. Mbonea, ambaye kwao watu wote wanazunguka sinia moja, alidhani mama mkwe hapendi pilau.

5.

Palipokataliwa, na sababu zake:

— Chini ya mlima Kitonga. "Wanauza bia." Lilikuwa kreti tupu, mzee kalikalia.

— Ruaha Mbuyuni, kwa mama lishe, wali na samaki vinanukia mpaka ndani ya gari. "Mtoto atakaa wapi? Viti havina hata mgongo."

— Ruaha Mbuyuni tena. "Muziki."

— Mbele kidogo. "Madereva wa malori. Tazama, wengine wamevua mashati. Hapo si pa familia."

"Kwani madereva wa malori hawana familia?" Sekela aliuliza.

Mbonea aliongeza kiyoyozi.

6.

"Baba Bupe, simama. Mama ameshajichoma sindano."

Mbonea alitazama kwenye kioo, kwa adabu zote. "Mama, una njaa?"

"Aa, nimeshiba, mwanangu. Nendeni tu."

"Umemsikia mwenyewe."

Sekela aliwachukia wote wawili kwa mpigo, huyu kwa kuuliza na yule kwa kujibu. Angeweza kuwatafuna pamoja na nailoni zao.

7. (Mbonea anaomba kujieleza. Haya, ajieleze.)

Mimi nilikulia kwenye kilabu cha pombe. Mama yangu ndiye aliyekuwa muuzaji. Ugali wangu niliula chini ya benchi, katikati ya miguu ya walevi, na siku nyingine mlevi aliukanyaga. Niliapa mwanangu atakula mezani, kwenye kitambaa safi, hakuna mtu wa kumtapikia viatu. Nimefanya kazi mpaka nikanunua gari. Natafuta mahali pamoja tu pa heshima, nimkalishe mama mkwe wangu kama malkia. Hilo nalo ni kosa?

7b.

Si kosa. Simama.

8.

"Mama, bibi anatoka jasho."

"Bibi, mbona unaongea na kiti?"

"Mama."

9.

MKAHAWA WA FAMILIA
Karibuni wazazi na watoto
Hatuuzi pombe * Bembea * Vyoo vya vigae

Hapa ni Mikumi. Mbonea aliegesha gari kivulini, akatabasamu kama aliyeujenga mkahawa mwenyewe. "Si niliwaambia?" Akamshika Bupe mkono, wakaenda kwenye bembea.

Sekela alimkokota mama yake hadi kwenye kiti cha kwanza. Miguu ya Bi Subilaga ilikuwa haina mwenyewe.

"Dada, nisaidie! Mama ana sukari! Leta chai, haraka!"

10. (Mhudumu)

Nilikimbia. Msije mkasema sikukimbia. Shangazi yangu naye ana sukari, najua miiko yake yote. Nikaleta chai ya rangi, kavu, bila chembe. Na kibakuli cha sukari kilichokuwa mezani nikakiondoa mwenyewe, bibi wa watu asije akashawishika. Dada alimnywesha kikombe kizima. Nikajisikia nimefanya wema.

11.

Sekela alisubiri mama yake azinduke. Hakuzinduka. Akaonja tone lililobaki kikombeni.

Chungu.

"Sukari iko wapi?"

"Si umesema anayo?"

"Imeshuka! Imemshuka, anakufa! Leta!"

Ni nani aliyeupa ugonjwa jina la kitu kinachouponya ukigeuka? Sekela angempata mtu huyo angemzaba kibao. Unayo, huna, imepanda, imeshuka, wape, wanyime. Neno moja tu, na mtu mzima anateleza kutoka kwenye kiti.

12.

Mbonea alifika mbio, akamdaka mama mkwe kabla hajagonga sakafu, akamwegemeza kifuani pake. Hajawahi kumgusa zaidi ya mkono wa salamu.

"Kunywa, mama. Kunywa."

Sekela alisogeza kijiko cha maji ya sukari. Bi Subilaga alifumbua macho kidogo, akaona ni kifua cha nani.

Akabana midomo.

"Mbonea, toka!"

"Nikimwachia ataanguka!"

"Hawezi kula ukimtazama! Hajawahi kula mbele yako hata siku moja, na hujawahi kujiuliza!"

"Hamkuniambia!"

"Huulizi, na ukiambiwa husikii! Toka!"

Bupe alianza kulia.

(Meza ya jirani, baba mmoja mwenye watoto watatu na soda nne: "Jamani, tupunguzeni sauti. Hapa ni mahali pa familia.")

Sekela alimgeukia. Alichomwambia hakiandikiki. Yule baba alianza kukusanya watoto wake.

13.

Mbonea hakutoka. Aligeuza uso kuelekea ukutani, mikono bado imemshika mama mkwe, akafumba macho kwa nguvu mpaka mashavu yakakunjamana.

"Nimefumba, mama," alisema. "Sioni kitu. Nakuomba ule."

Mhudumu alisimama na kibakuli mkononi.

Sekela akarudisha kijiko. Maji ya sukari yalimtiririkia mama yake kidevuni. Akachota tena. Midomo ilitikisika,

ikatikisika,

ikafunguka.