Mstari Mweusi wa Jumatano

Chuoni walifundishwa kuandika rejesta kwa wiki nzima. Mkufunzi wao, Bwana Joachim, alisimama mbele ya wanafunzi ishirini na wanne wa ualimu, akakiinua kitabu kwa mikono miwili, akasema kwamba mwalimu anaweza kusamehewa somo baya, maana somo likishasemwa limekwisha, lakini rejesta inabaki. Aliyekuja shuleni apigiwe mstari mweusi. Asiyekuja aandikiwe sufuri nyekundu. Kazi hiyo iwe imekamilika kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, kwa wino, na isifutwe wala kukwaruzwa kwa wembe. Kila doa litaondoa alama moja katika kumi. Na atakayeandika uongo humo hataondolewa alama. Atafunga godoro lake aende kwao. Bwana Joachim hakuwa anatania. Katika mwaka wa kwanza walimwona mwenzao mmoja akilifunga godoro lake kabla ya chakula cha mchana.

Mrisho hakuogopa somo hilo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita wote. Baba yake, Mzee Halfani, fundi cherehani wa Mwanjelwa, alizoea kuwaonyesha wateja barua za mwanawe, hata wale wasiojua kusoma.

"Tazama tu," aliwaambia. "Si lazima usome. Tazama mistari ilivyonyooka."

Mwezi wa Julai, mwaka 1956, Mrisho alipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki sita katika shule ndogo upande wa Igowole. Akipasi, atapewa cheti cha ualimu. Akishindwa, atarudi kwenye baraza la baba yake kushona vifungo. Kila somo lilitaka andalio lake. Kila wiki ilitaka azimio la kazi, na zana za kufundishia alizitengeneza kwa mikono yake. Tena kila mwanafunzi wa ualimu alipaswa kumchagua mtoto mmoja, amchunguze, na kuandika tabia zake katika daftari. Mrisho alimchagua Mika, kwa sababu aliongea sana. Aliandika: "Mtoto huyu ana kumbukumbu kali, na hasemi uongo hata pale uongo ungemfaa."

Shule ilikuwa na vyumba viwili vya matofali ya udongo. Mwalimu Mkuu, Bartholomeo, mwenyeji wa hapo, alifundisha stendadi ya tatu na ya nne. Mrisho alipewa ya pili, watoto thelathini na wanane. Akalala kwa Mwalimu Bartholomeo na kula jikoni kwa mkewe, Paskalina.

Baridi Mrisho aliijua tangu kuzaliwa kwake Mbeya, lakini ya huku ilikuja na ukungu uliolowesha nguo kama mvua. Asubuhi vidole vyake vilikufa ganzi, kalamu ikatetemeka, na katika wiki ya kwanza akadondosha madoa mawili.

Mwalimu Bartholomeo alikitazama kitabu kwa huruma. "Mawili hayo," alisema. "Umebaki na nane."

Ndipo Mrisho akapata dawa. Jioni, mikono yake ikishapata moto mekoni kwa Paskalina, alikifungua kitabu na kupiga mistari ya kesho. Watoto hawa hawakosi, alijiambia. Aliyejua kuwa ni mgonjwa alimwachia nafasi tupu, akamwekea sufuri asubuhi. Mmoja alikosa siku moja bila taarifa, na mstari wake ukabaki vilevile. Kesho yake mtoto alirudi, akaketi, na hakuna aliyeuliza.

"Mwalimu, hicho kitabu unakikausha kama nyama," Paskalina alimwambia. "Iko siku nitapitiwa nikitie chumvi."

"Usitie, mama. Mkufunzi ataonja."

Jumatano ya wiki ya sita ukungu ulikuwa mzito mno. Ukisimama mlangoni mwa darasa hukuiona nguzo ya bendera. Bwana Joachim alitazamiwa Alhamisi, aje kutoa alama za mwisho, na Mrisho asubuhi nzima alikuwa akitundika zana zake kwenye kamba na kuuandika upya ubao. Hakuita majina. Mistari thelathini na minane ilikuwepo tangu jana yake.

Saa saba watoto walikwenda zao. Saa kumi alasiri alikuja Severina, mama wa mtoto aitwaye Tekla, kutoka ng'ambo ya bonde. Alikuwa na jembe mkononi.

"Kamwene, walimu. Nimemfuata Tekla. Mmemzuia?"

"Kamwene, Mama Tekla," alisema Mwalimu Bartholomeo. "Hatujamzuia mtu. Wametoka saa saba."

"Hajafika nyumbani. Leo amekuja peke yake, binamu yake ana surua."

Mwalimu Bartholomeo aliingia ofisini, akarudi na rejesta wazi mkononi, kidole chake juu ya jina. "Huyu hapa. Amekuja." Akamgeukia Mrisho. "Sivyo, Mwalimu?"

Kila kitu kilikuwa katika jibu hilo, na Mrisho alilijua hilo wakati uleule. Alijaribu kukiona kichwa cha Tekla kwenye dawati la tatu, karibu na dirisha. Hakukiona. Lakini hata kutokuwepo kwake hakukukumbuka, hakuwa amewatazama.

"Si ndiyo hiyo rejesta, Mwalimu Mkuu," alisema.

Mika na wenzake wanaokaa karibu walikuwa wamerudi kucheza uwanjani. Mwalimu Bartholomeo akamwita.

"Tekla alitoka na nani?"

"Tekla leo hakuja, Mwalimu."

"Hakuja? Hapa ameandikwa."

"Nafasi yake nimekaa mimi. Kwangu paa linadondosha maji."

"Ulikuwa unasinzia wewe. Kitabu hakisinzii." Akamwambia Severina, "Amechepuka na wenzake baada ya shule. Tutampata."

Watu wakakusanywa. Kwa kuwa mtoto alikuwa ametoka shuleni salama, walimtafuta kule ambako mtoto aliyetoka shuleni salama angeweza kupotelea. Waliingia msitu wa miwati, wakachungulia kisima, wakabisha hodi katika nyumba zote za wanafunzi wa upande ule. Wawili walitumwa na baiskeli hadi Nyololo, kuuliza barabarani kama kuna lori lililompakia msichana mdogo. Severina alikwenda na wale wa msituni huku akiita, na jembe lake bado analo.

Mrisho alitembea katikati yao, na hesabu ilikuwa nyepesi kichwani mwake. Kama mtoto hakufika shuleni, basi yuko kati ya shule na kwao. Njia hiyo ni moja, inashuka bondeni, inapita kando ya vinyungu, zile bustani za unyevuni zenye mifereji mirefu, kisha inapanda. Maneno matano yangetosha. Aliyapanga mdomoni, akaona godoro, akamwona Mzee Halfani akimkunjulia mteja barua.

Alitafuta njia ya katikati. "Mwalimu Mkuu, tusitazame na bondeni?"

"Mama yake amepita huko sasa hivi, Mwalimu. Angemwona."

"Kweli," alisema Mrisho.

Akashuka peke yake. Alifika mahali njia inapoanza kuteleza, akaita mara mbili, sauti yake ikamezwa na ukungu. Mbele hakuona hata miguu yake. Alisikiliza kidogo. Halafu alijiambia kwamba pengine Mika amekosea, mtoto ni mtoto, akapanda kurudi. Giza lilipoingia watu walikubaliana kuendelea alfajiri.

Alhamisi, kabla jua halijachomoza, wanawake wawili waliokwenda kwenye vinyungu vyao walimkuta. Alikuwa ndani ya mfereji mkavu, hatua arobaini hivi kutoka njiani. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Sketi yake ameivuta ikafunika mabega, na ukutani mwa mfereji kulikuwa na alama za vidole, juu hadi pale mkono wake ulipofika. Mzee mmoja alishuka, akaingiza mkono kwapani mwake, akaukalisha humo kwa muda.

"Bado ana joto," alisema. Akautoa mkono, akavua kofia.

Mrisho alikuwa amesimama juu ya mfereji. Hakuna aliyemtazama.

Bwana Joachim alifika saa tano, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Watoto walikuwa wamerudishwa makwao. Alitoa pole, akakaa ofisini na kuomba vitabu, kwa kuwa alikuwa aondoke kesho yake. Alipitia maandalio na maazimio. Alisoma habari za Mika mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua rejesta, akainusa.

"Inanuka moshi."

"Tunaihifadhi nyumbani kwangu, Bwana," alisema Mwalimu Bartholomeo. "Ofisi ina unyevu."

"Si kawaida, lakini sawa." Akafunua kurasa polepole. "Madoa mawili wiki ya kwanza. Baada ya hapo hakuna hata moja. Nimekagua rejesta za walimu wa miaka kumi zisizofika hapa." Kidole chake kikasimama. "Marehemu ndiye huyu? Alihudhuria mpaka siku yake ya mwisho, maskini. Chora mstari mwekundu juu ya jina, andika 'amefariki', na tarehe ya leo."

Mrisho alichukua rula. Mstari ulitoka umenyooka, bila doa, na hilo ndilo lililomtisha.

Alipotoka nje, Mwalimu Bartholomeo alimfuata hadi nyuma ya darasa. Hakumtazama usoni.

"Mimi sikuulizi kitu," alisema. "Kitabu kile nami nakitia sahihi kila Ijumaa. Nina watoto sita. Unanielewa? Mtoto alikuja shuleni, akarudi, akaanguka. Watoto huanguka."

"Nakuelewa, Mwalimu Mkuu."

"Basi kunywa uji. Tangu jana hujala."

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Katekista aliongoza sala kwa Kihehe. Mrisho hakujua sala zile wala lugha vizuri, alisimama nyuma pamoja na Bwana Joachim, ambaye ndiye angeondoka naye mchana huo kwa lori la Nyololo. Alama zilikuwa zimeshaandikwa. Njiani kuelekea msibani mkufunzi alikuwa amemnong'oneza kwamba ni za kwanza kati ya wote ishirini na wanne.

Baada ya kuzika watu walirudi nyumbani kwa marehemu, wakakaa kwenye mikeka. Mama mkwe wa Severina alikuwa mlangoni, amejifunga kanga kichwani. Alizungumza kwa Kiswahili, ili wageni nao wasikie.

"Saa saba mtoto ametoka shuleni," alisema. "Saa kumi huyu anapanda na jembe lake. Mtoto yuko pale, hatua arobaini. Hata mbuzi wako humpiti hivyo. Mbuzi unamwita. Huyu kapita kimya."

"Mama, acha," alisema mwanamume mmoja.

"Niache nini? Nimesema uongo? Alimpita mwanawe."

Severina alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, akitazama viganja vyake. Inaonekana alikuwa ameyasikia hayo tangu jana. Ilionekana pia kwamba ameyakubali.

Mrisho alijikuta amepiga magoti mbele yake. Hakuwa ameamua. Alikuwa ameamua kinyume chake, usiku wa siku mbili mfululizo.

"Mama Tekla," alisema. "Jumatano Tekla hakufika shuleni."

Severina aliinua macho.

"Mstari ule niliupiga Jumanne jioni, kabla ya siku yenyewe kufika. Sikuita majina. Ulipokuja kuniuliza, sikujua kama alikuwepo, na Mika aliposema hakuja nilijua kuwa Mika anasema kweli. Nikanyamaza. Alikuwa katika mfereji ule tangu asubuhi. Ningesema saa kumi, tungeshuka bondeni sote, tungemkuta hai. Waliokupeleka msituni ni sisi. Ni mimi."

Alisema kwa sauti ya chini, na waliosikia walikuwa watatu au wanne tu. Bwana Joachim alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameshika kofia yake kifuani, na sasa akaivaa taratibu. Mwalimu Bartholomeo aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa koti.

Mrisho alingoja apigwe, au alaaniwe, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo.

"Hawajasikia," alisema Severina.

"Mama?"

"Bibi yake hajasikia. Wale wa kule nao hawajasikia." Aliweka mkono ardhini, akainuka kwa shida kama mtu mzee, akaita kuelekea mlangoni. "Mama, njoo. Njooni wote hapa. Mwalimu ana neno la kusema."

Watu wakaanza kusogea kutoka kwenye mikeka. Mama mkwe alikuja mbele, kanga imemshuka shingoni, akasimama.

"Sema tena," Severina akamwambia Mrisho. "Anza mwanzo. Usimame."

Mrisho akasimama, akaanza mwanzo.