Hitima ya Wanawake wa Mangarivotra

Kabla ya mauaji ya Desemba 1976, wanawake wenye asili ya Komoro katika mtaa wa Mangarivotra, mjini Mahajanga katika nchi ya Wamalagasi, walikuwa na chama chao cha mazishi. Akifa mwanamke, wao ndio walioosha maiti, wakapika, wakakaa na wafiwa mpaka hitima. Kisha mji ukawageukia. Wengi waliuawa, wengi wa waliosalia wakapandishwa ndege kupelekwa Komoro, ambako baadhi yao walikuwa hawajawahi kukanyaga. Kouraichia, aliyempoteza mumewe Hamada, alikimbilia kwa dada yake katika mji wa Andoany, kisiwani Nosy Be.

Mwaka 1979 alivuka bahari hadi bandari ya Antsahampano, akapanda lori, akarudi Mangarivotra. Aliwakuta wenzake wachache, wakisalimiana sokoni kwa macho tu. Hadidja, kiongozi wao wa zamani, aliyempokea akae nyumbani kwake, alikuwa hoi kwa kifua.

"Mwanangu, hatujawasomea wafu wetu," alisema Hadidja. "Kifufueni chama. Msome pamoja."

Kouraichia akaenda serikalini kuomba ruhusa, akifuatana na mwalimu wa mtaani, Zoubeir. Afisa aliwapokea vizuri, akawapa viti.

"Mkikusanyika nyinyi, na wengine watakusanyika, tena na mapanga," alisema kwa Kimalagasi. "Kuwakataza ndiko kuwalinda."

"Mheshimiwa," alisema Zoubeir, "nchi hii imetia sahihi mkataba wa mataifa. Jamii ndogo ina haki ya kuunda chama na kushika dini yake kwa pamoja."

"Naujua. Basi yaite hayo mataifa yaje yasimame mlangoni penu."

Njiani Zoubeir alisema, "Shangazi, sheria iko upande wetu."

"Iko wapi?" aliuliza Kouraichia. Hakuwa akimkejeli, alitaka kujua.

Masika yalipoingia Hadidja alifariki. Wanawake walianza kufika mmoja mmoja, wakipitia uani, wakakunja mikono ya nguo zao ili waoshe. Maji hayajapata moto, askari akasimama mlangoni.

"Abaki wa nyumba hii tu. Mkiwa wengi ni mkusanyiko, na umekatazwa."

"Sote ni wa nyumba hii," alijibu Echa, jirani.

"Mama, usinitie matatani. Hata mimi nimetumwa."

Wakatoka. Echa alitoka mwisho, mikono ya nguo bado imekunjwa. Kouraichia akabaki na Oumi, binti wa marehemu. Mwili ulikuwa mzito. Kila walipojaribu kuugeuza uliwaponyoka, na Oumi alikuwa akimwomba mamaye radhi. Wakaosha walivyoweza.

Jeneza lilibebwa na wanaume wanne, Zoubeir akiwa mmoja wao. Wa kupokezana nao hawakuwapo. Mbele kidogo walilitua topeni wapumue. Kouraichia, aliyekuwa akitazama dirishani, aliinuka atoke akawasaidie.

Oumi akamshika mkono.

"Kaa, mama. Ukitoka tutakuwa wengi."