Chupa ya Juu, Chupa ya Chini

Miaka kumi na moja napima maji ya mto na sijawahi kuchanganya chupa hata moja. Lakini Jumatatu ile mkuu wa maabara aliniwekea majibu mezani, akaniuliza kwa upole unaoudhi kama nililala vizuri.

Chupa ya kwanza nilichota juu ya mahema, upande mto unakotoka, ya pili chini yake. Hapo katikati, ukingoni, watu wasio na nyumba wamefunga maturubai yao, na kaka yangu ni mmoja wao tangu afukuzwe alikopanga. Ofisi ilishaamua kwamba wao ndio wanaochafua mto. Majibu yakithibitisha tu, Ijumaa wanang'olewa. Sasa yakaja kichwa chini miguu juu. Uchafu wa vyoo ulijaa chupa ya juu, na katika ya chini ulikuwa umepungua.

Mkuu akasema nimechanganya lebo. Nikarudia, yakatoka yale yale. Mara ya tatu niliandika lebo kabla ya kutoka ofisini. Yale yale. Nikaanza kujishuku. Nilisimama ukingoni nikatupa jani majini, nihakikishe mto unaelekea wapi. Mimi, mtu mzima.

Kaka aliniona, akacheka mpaka akakaa chini. Alinionyesha vyoo walivyochimba mbali na maji, na sufuria ya kuchemshia, maana bomba hawana na maji ya mto huo ndiyo wanayokunywa. Kisha akaniuliza kama bado nafua Jumamosi asubuhi. Nikamuuliza amejuaje.

"Povu lako linapita hapa saa tatu, mdogo wangu. Na yale mengine yanapita kila siku, basi tu sisemi."

Nilipanda kufuata ukingo. Nyuma ya mtaa wetu, chini ya ukuta ninaoanikia nguo, bomba la majitaka lilikuwa limepasuka na kumwaga yote mtoni. Nyumba arobaini, ya kwanza yangu.

Nikarudi kumweleza kaka. Alisikiliza huku akinimiminia chai.

"Kwa hiyo Ijumaa watakuja kukung'oa wewe?"

Hakuwa akitania, alitaka kujua kweli. Akaniambia ninywe, chai inapoa, nami nikabaki nimeshika kikombe, nikijua maji yale yametoka kwangu.