Injini Haibembelezwi

Kuna watu Mungu aliwapa masikio ya kutundikia miwani tu. Mimi ni fundi wa injini, mwaka wa ishirini na tisa huu, na watu hao nawajua kwa mlio wa magari yao kabla hawajakata kona. Huwa nawasema bila kuficha. Anayeudhika ana miguu, na gereji ziko nyingi.

Sasa huyu ninayemsema leo ni shemeji, ndugu wa marehemu mume wa mdogo wangu. Hapa gereji tunamwita Mhandisi. Uhandisi wenyewe aliusoma muhula mmoja akaukimbia, na kazi yake ni kugonga mihuri kwenye ofisi moja yenye feni mbovu. Kalamu mbili mfukoni, shati limepigwa pasi mpaka linataka kukata mtu. Mkono wake haujawahi kuona grisi, lakini mdomo, loo!

Mdogo wangu aliachiwa na mumewe watoto watatu na pikapu moja, na injini ya hiyo pikapu ilikuwa imekufa. Nikaishusha, nikaifungua yote, nikasugua silinda, nikatia pistoni mpya na ringi mpya, zile pete zinazoizunguka pistoni, wiki mbili nzima mgongo umepinda. Sikuwa nacheza. Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa amemwahidi kazi ya kusambaza mikate kwenye shule kila alfajiri, na angekuja mwenyewe kuliona gari Jumatatu, siku tisa baada ya mimi kulikabidhi. Likiwa zima, kazi ni yake. Likitoa moshi, mikate haipandi humo. Na kulikuwa na bwana mmoja mwenye gari lake anaisubiri nafasi hiyohiyo.

Siku ya kumkabidhi nilimwambia maneno machache. "Usiiache inanguruma imesimama. Ipeleke kwenye ule mlima wa tangi la maji, kanyaga mafuta ipande kwa nguvu, halafu achia, ipunguze mwendo yenyewe. Rudia, rudia. Usiende mwendo mmoja. Jumamosi ijayo niletee nimwage oili."

Akaniangalia. "Kwa nini, kaka? Kitu kipya si ndiyo kinatunzwa? Nikiikanyaga hivyo si itakufa tena?"

Nikacheka. Nakumbuka nilicheka kwa nguvu, nikageuka nyuma ili mpiga rangi na mchomeaji nao wafaidi. "Jamani, eti anauliza kwa nini! Asiyejua maana haambiwi maana. Wewe shika usukani, ya ndani niachie mimi." Mpiga rangi alicheka mpaka akaegemea mlango aliotoka kuupaka, akabaki na mgongo mwekundu. Mdogo wangu naye akatabasamu kidogo, akachukua funguo, akaenda zake.

Jumamosi nilimsikia kabla sijamwona. Mlio wenyewe ulikuwa mzuri tu, lakini nyuma ya gari kulikuwa na moshi wa bluu, mwembamba, unanuka oili iliyoungua. Pembeni yake kakaa Mhandisi, kitambaa puani.

"Mmeifanyia nini?" nikauliza.

Mhandisi akashuka akijinyoosha shati. "Shemeji, tumeitunza kama yai. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini naiwasha, naiacha saa nzima ijizoeze. Kisha tunauzunguka mtaa na gia ya pili, pole pole. Injini mpya ni kama mzazi aliyetoka kujifungua, haikimbizwi."

"Na mlima?"

"Mlima wa nini tena? Tumeuepuka kabisa!" Alisema kwa fahari, kama anasubiri kupongezwa.

Nikaingiza gari ndani, na kufika saa nane mchana kichwa cha injini kilikuwa chini. Nikawasha tochi. Kuta za silinda zilikuwa zinang'aa, ungeweza kunyolea ndevu. Mimi nilipozisugua niliziachia mikwaruzo myembamba iliyopishana kama mistari ya mkeka. Mikwaruzo hiyo inashika oili, na ringi mpya zinajisugua hapo mpaka zinakaa. Lakini lazima zisukumwe, na kinachozisukuma ni ile nguvu ya kupanda mlima. Injini ikinguruma bure imesimama, oili inaungua taratibu na kuganda ukutani, ukuta unakuwa kioo. Ringi hazikai tena, oili inapanda juu na kuungua. Basi, ni hayo tu, hata kikombe cha chai hakipoi kabla hujamaliza kuyasema.

Nikamvaa Mhandisi. "Mbona hukuifunika blanketi? Mbona hukuinyonyesha? Unakuja hapa na ujuzi wa kugonga mihuri, unaua kazi ya mjane! Hata mbuzi ukimwambia panda mlima anapanda!" Nikamwambia na mengine ambayo siyarudii. Mchomeaji akaacha kuchomea ili asikie vizuri.

Mhandisi alikunja kitambaa chake mara nne. Macho yalikuwa mekundu. "Niliogopa itakufa tena," akasema. "Ni gari la kaka yangu."

"Mwache!" Mdogo wangu ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Mwache, nasema. Siku ile nilipotoka hapa nilimuuliza yeye swali lilelile nililokuuliza wewe. Akachukua kipande cha boksi, akapiga goti chini, akanichorea. Kakosea, sawa. Lakini aliniketisha akanieleza. Wewe ulinifanya kichekesho mbele ya watu. Kati ya anayenieleza na anayenicheka, ningemsikiliza nani, kaka?"

Niliona aibu mpaka masikio yakachemka, nikainama nikajifanya natafuta spana niliyokuwa nimeishika.

Kusugua silinda upya ni kazi ya siku moja. Lakini ukuta uliosuguliwa upya unataka ringi mpya, na ringi za injini ile huagizwa mbali, siku kumi zikiwahi. Jumatatu mwenye mikate alikuja, akaikuta injini imetandazwa mezani vipande vipande. Aliitazama, akatazama saa, akampa mdogo wangu mkono wa pole. Kazi ikaenda kwa yule bwana mwingine.

Ringi zilipofika nikaifunga injini. Safari hii nilipanda mwenyewe, nikakaa pembeni ya mdogo wangu mpaka mlima wa tangi la maji. Nikamweleza yote, ringi, oili, mikwaruzo, nikamchorea kwenye boksi mchoro mbaya kuliko wa Mhandisi. Mhandisi mwenyewe alikuwa nyuma kwenye bodi, shati linapigwa vumbi, anaandika na kupiga kelele za maswali kupitia dirisha. Nikayajibu yote, hata ya kijinga, na ya kijinga yalikuwa mengi. Mdogo wangu alikanyaga pale pa kukanyaga, akaachia pale pa kuachia. Nyuma yetu hakukuwa na moshi hata wa dawa.

"Umeelewa?" nikamuuliza.

"Nimeelewa."

"Una swali?"

"Sina, kaka."

Gari la mikate hupita mbele ya gereji kila asubuhi likirudi tupu kutoka mashuleni, na harufu yake hubaki barabarani. Mdogo wangu anabeba mchanga na matofali kwa ile pikapu, siku anazopata. Wakati wa kumwaga oili ukifika huniletea pikapu, hajawahi kuchelewa. Ananipa funguo, anakaa juu ya tairi kuukuu, anasubiri. Mimi nafungua huku namweleza kila kitu, hiki kinafanya hivi, kile kinazuia vile, naeleza mpaka mpiga rangi ananiangalia. Yeye ananisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni, na haniulizi kwa nini.