Ejo ya Longino

Tangu amani ipatikane huko nyotani, kila chombo cha jeshi kinapotua Muyinga, wanaosimama mbele kupokea ni vikongwe. Wageni hudhani tumefuata wajukuu. Siyo. Tumefuata waume.

Ndivyo safari ile ilivyo. Chombo kinakimbia mno, mpaka siku zenyewe zinashindwa kukifuata. Aliyemo ndani analala, anaamka, anafika vitani, anarudishwa, na ndevu hazijamjaa. Huku chini mimi nimepanda migomba kwetu Bugendana, mkoani Gitega, imezeeka, nimeing'oa, nimepanda mingine.

"Emiliana," akaniambia Kulthumu, muuza chapati wa pale uwanjani, "huyo Longino wako akishuka atakuamkia!"

"Aniamkie tu, we Kulthumu. Mradi anijue."

Nilicheka, lakini roho haikucheka. Nilikuwa nimeapa sitamtajia jina langu. Asiponijua mwenyewe, nirudi zangu Gitega kimya, naye atafute kijana mwenzake.

Sisi wawili tulikulia Tanzania, tukarudi Burundi na Kirundi cha kuokoteza. Kirundi kina neno ejo: jana ni ejo, na kesho nayo ni ejo. Wakati wa uchumba Longino alinitajia safari yake ya Gishubi, ejo; yeye alisema jana, mimi nikashika kesho. Kulipokucha nikakaa njia ya Gishubi na karanga zangu, kutwa nzima, nikimngoja mtu aliyekwisha kwenda na kurudi. Alinicheka mpaka siku ya harusi. Na siku ya kupanda chombo akaniambia, "Usilie, mke wangu. Nitarudi ejo."

Mlango ukafunguka. Nikamwona. Shingo ile ile, mwendo ule ule wa mtu anayeruka mtaro. Akanijia moja kwa moja.

"Shikamoo, bibi. Gari la Gitega linapatikana wapi?"

"Marahaba." Nikamwonyesha kwa mkono. Akashukuru, akaenda zake.

Kulthumu alinikazia macho, chapati inaungua. Jina sikulitaja. Nikasema tu, si kwa nguvu:

"Nimekaa njia ya Gishubi tangu ejo."

Akasimama. Mfuko ukamtoka begani. Akarudi, akanitazama mikono, halafu meno, halafu macho, kama mtu anayetafuta nyumba yake mahali palipojengwa upya.

"Ejo ipi?" akauliza taratibu.

"Ile uliyoniahidi."

Akalia yeye. Machozi yangu yalikwisha zamani.

Tulipokuwa tunangoja gari alinitafutia jiwe la kukalia, akanishikia mwavuli. Mama mmoja aliyebeba kuku akatutazama, akafurahi.

"Bibi, una mjukuu mwema."

Nilimngoja Longino aseme neno. Alikuwa anatazama vilima, kama havioni.

"Ndiyo," nikasema mimi. "Ni mwema."